Kaburi la Ng'ambo ya Korongo

Mwezi uliopita tulimzika Bi Zena, mke wa mjomba wangu, hapa Dodoma, siyo pale alipotaka. Alitaka alale ubavuni mwa mumewe, kando ya barabara itokayo Mpwapwa kwenda Gulwe, nami nilikuwa nimemwahidi, kwa sababu mtu mzima akikuomba jambo la namna hiyo humwambii tutaona. Lakini kaburi la mjomba halipo tena. Korongo limekuwa likiula ukingo kila masika, na masika haya yaliyopita, wakati Bi Zena akiwa hawezi tena kuinuka kitandani, lilimalizia kipande kilichobaki. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Msibani watu walinishika mkono wakaniambia ni mapenzi ya Mungu, nami nikaitikia kwa kichwa, maana nimezeeka na nimejifunza kuitikia. Mungu sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na alasiri moja tu, ya mwaka ule nilioishi kwao Gulwe, na nikiwa peke yangu hapa nyumbani Area D bado nagombana nayo.

Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, na Mjomba Athumani akasema kuliko kukaa bure niende nikamsaidie mkewe. Nyumba yao ilikuwa karibu na stesheni, ya matofali ya kuchoma na paa la bati, na kuta za vyumba hazikufika kwenye paa. Fundi alizikomesha juu kidogo ya vichwa vya watu, kwa hiyo kikohozi cha sebuleni kilisikika jikoni, na mambo ya chumba chao niliyasikia kitandani kwangu, nikitaka nisitake. Mbele kulikuwa na stoo ambamo mjomba alipokea karanga na ufuta kutoka kwa wakulima na kuzipakia kwenye treni. Harufu ya magunia ilituingia mpaka kwenye nguo. Bi Zena alikuwa mtu wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara, aliyekulia kwenye pilau na sambusa, lakini majirani Wagogo walikuwa wamemfundisha kupika mlenda, ile mboga ya kuteleza, naye akauboresha kwa karanga za kutwanga mpaka wao wenyewe wakawa wanakuja kuonja. Mjomba alijifanya anaudharau. Alisema hakumwoa mwanamke kutoka mjini ili aje kuvuta kamba na mboga. Kisha alikuwa akitumbukiza tonge la mwisho la ugali wa uwele na kulizungusha sahanini hadi sahani ing'ae, na Bi Zena akinitazama bila kusema kitu. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wawili waliozoeana, wenye utani wao, na mimi niliyetoka nyumba za kelele niliona kama nimepelekwa peponi.

Maumivu yalimwanza mjomba msimu wa karanga. Niliona anashika mbao ya mlango kabla ya kuteremka kizingiti, na kwamba sahani haing'ai tena. Bi Zena aliona kabla yangu. Jioni baada ya jioni nilimsikia kupitia juu ya ukuta akimsihi aende Dodoma akapimwe, akakae kwa kaka yake, Mjomba Hamisi, aliyekuwa na duka huko. Mjomba Athumani kila mara alijibu kwamba wakulima wanaleta mizigo, akiondoka nani atapokea, ataenda msimu ukiisha. Ulipoisha msimu wa karanga akataja ufuta. Siku moja sauti ya Bi Zena ilibadilika. Haikupanda, ilishuka, na ndiyo maana niliacha kukunja nguo nikasikiliza. Alisema, "Athumani, mimi na wewe tumemaliza kuongea. Sauti yangu utaisikia siku utakayorudi kutoka hospitali." Mjomba alicheka. Alijua mkewe alivyokuwa msemaji, na nadhani alimpa muda wa kuivisha maharage tu.

Hakuwa anamjua vizuri kama alivyodhani. Bi Zena alinyamaza siku hiyo, akanyamaza kesho yake, akaendelea kunyamaza. Mtu asidhani alimtupa. Alimpikia vyakula alivyovipenda, uji wa ulezi asubuhi, samaki wakipatikana, na maji ya kuoga yalikuwa tayari kabla hajayataja. Lakini maneno yote yalipitia kwangu. Wamekaa mkeka mmoja, magoti yanakaribia kugusana, naye ananiambia, Rehema, mwambie mjomba wako chai inapoa. Mjomba ananigeukia kwa adabu zote, ananiambia, mwambie mkaza mjomba wako nimesikia na ninashukuru. Mwanzoni tulicheka wote watatu. Nilijiona mtu muhimu, nikawa hata naongeza chumvi kwenye ujumbe. Baadaye vicheko vilikauka, maana mjomba alizidi kukonda na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushuka. Kununa ni silaha ya mwanamke anayependa, nimeiona kwa mama zangu wote na nimeitumia mwenyewe katika ndoa yangu, na kwa kawaida inafanya kazi. Hata hapo ilifanya kazi. Mvua za kwanza zilipoanza, mjomba alitangaza, kwa kunitazama mimi, kwamba anakwenda hospitali.

Asubuhi ya safari Bi Zena alikuwa jikoni, banda dogo lililotazamana na mlango wa nyuma. Alikuwa amemfungia chapati na karanga za kukaanga, akanipa nimpelekee. Mjomba aliupokea mfuko, lakini hakutoka kwa mlango wa mbele ulioelekea stesheni. Alizunguka mpaka mlango wa nyuma, akasimama kizingitini na koti lake, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile hakupitia kwangu. Alisema, "Zena, naondoka." Mimi nilikuwa uani katikati yao. Bi Zena alikuwa ameshika mwiko, hakugeuka. Nilimwona ubavuni, midomo yake ikifunguka na kujifunga. Mjomba alingoja. Treni ilipiga honi, naye akasema haya, taratibu, kama anayemjibu mtu, akaenda. Nilipomkimbilia na mfuko mwingine aliousahau, aliniambia nisimlaumu mkaza mjomba wangu, kwamba ameweka nadhiri na mtu wa nadhiri huheshimiwa. Alikuwa anatabasamu, hilo naliapia.

Alilazwa. Wasafiri wa treni walituletea salamu zake, leo nafuu, kesho hivyohivyo, na Bi Zena alituma vyakula kwa watu haohao lakini hakutuma neno, kwa sababu neno alikuwa amelitunzia siku ya kurudi. Alilipangia kabisa. Tukichambua mchele aliniambia siku Athumani atakayoteremka hapa atamwongelesha mpaka aombe po, atamsimulia habari za mtaa wote tangu walipoachia, nani kaolewa, mbuzi wa nani kala nguo za nani. Alikuwa akizikusanya habari hizo. Nikimletea umbea kutoka kisimani alisema hiyo nzuri, tuiweke. Ninapokumbuka sura yake akisema hivyo, hadi leo natamani kumshika shati fundi aliyeijenga nyumba ile, nimwambie kwamba angepandisha ukuta hadi juu nisingesikia lolote na moyo wangu ungekuwa na kidogo cha kubeba.

Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule. Mgeni asiyeijua nchi yetu huogopa mvua inayomnyeshea, sisi tuliogopa ile tusiyoiona. Gulwe kunaweza kuwa na jua kali, nguo zinakauka kambani, lakini kule milimani juu ya Mpwapwa kumepiga radi tangu usiku, na maji yakishakusanyika hushuka yote kwa pamoja kwenye makorongo. Barabara ilikuwa inalipita korongo kwa drifti tu, yaani zege lililotandazwa chini ili magari yapite pakiwa pakavu. Unavuka asubuhi juu ya mchanga, mchana panaunguruma tope jekundu lenye magogo na ng'ombe waliokufa. Hatukusema maji yamejaa, tulisema korongo limeshuka. Lilishuka mara nyingi masika yale, reli ikasombwa, treni zikasimama, na salamu za mjomba zikakatika.

Habari ya kifo ilikuja asubuhi kwa simu ya stesheni. Amefariki alfajiri, wamemwosha na kumkafini hukohuko, Mjomba Hamisi na watu wengine wanamleta kwa gari, kaburi lichimbwe. Bi Zena alilia kidogo sana. Alisimama, akafagia chumba cha kati, akatandika mkeka, akaweka makaa kwenye chetezo tayari kwa udi. Wanawake walipomwambia akae, wengine watafanya, alisema watafanya baadaye. Alinivuta chumbani akaniambia, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi, kwamba wakimwingiza maiti niwaombe wanaume watoke kidogo na wanawake wasogee, abaki naye wakati anafunuliwa uso. Kwetu mwanamke haendi makaburini. Kuaga kwake ni pale nyumbani, jeneza likiwa bado chini, na hapo ndipo watu huombana radhi. Alisema, "Nina neno lake. Ni langu na lake tu." Nikamwambia nitawatoa hata kwa fagio. Tukakaa kusubiri, adhuhuri ikapita, na milima upande wa Mpwapwa ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi.

Aliyekuja alikuwa kijana wa baiskeli, matope mpaka kiunoni. Korongo limeshuka, alisema, na gari la maiti liko ng'ambo. Wala haliwezi kurudi Mpwapwa, maana nyuma yao mlima umeporomoka, tope na mawe na miti vimeifunika barabara, wamebanwa katikati. Bi Zena aliinuka kabla kijana hajamaliza. Wanawake walimzuia mlangoni, wakamkumbusha kwamba ameshaingia eda, mjane hatoki nje, tena kwenda barabarani penye wanaume. Bibi mmoja alimshika kanga. Bi Zena aliutoa ule mkono polepole, kidole kimoja kimoja, akatoka, na mimi nikatoka nyuma yake. Tulikwenda kwa miguu juani, na njiani aliniuliza kitu kimoja tu, kama nimezima makaa.

Mngurumo tuliusikia kabla ya kuyaona maji. Watu walikuwa wamejaa ukingoni, wenye malori, wanawake wenye vikapu vya nyanya, wote wanatazama tu, kwa sababu maji ya korongo hayana la kufanya ila kuyatazama. Ng'ambo niliiona pick-up nyeupe na wanaume wenye kanzu, kanzu zenyewe zimekuwa nyekundu chini. Nyuma yao mlima ulikuwa na kovu refu jekundu ambalo jana halikuwepo. Jeneza lilikuwa limeteremshwa chini ya kivuli cha turubai. Halafu nikaona watu wengine, wenyeji wa upande ule, wenye majembe, na nikaona kwamba kando ya shamba la mtama, palipoinuka, wanachimba. Nilitumaini Bi Zena hajaona. Lakini alikuwa ameona. Mjomba Hamisi aliteremka mpaka kwenye ukingo wao, akatugeukia, akafungua viganja vyote viwili mbele ya kifua. Midomo yake ilikwenda lakini maji yalikula sauti yote. Bi Zena akapaza sauti, "Ngojeni! Mningojee!" na hata mimi niliyesimama bega kwa bega naye nilimsikia kwa shida. Hapo akafanya jambo lililowafanya watu wa ukingoni wageuke. Aliivua kanga ya kichwani, mjane, nywele wazi mbele ya wanaume wote wale, akaishika pembe akaipunga juu, mara nyingi, akiendelea kuita.

Mjomba Hamisi alitutazama. Kisha akaweka mkono wa kulia kifuani, akainamisha kichwa, akarudi juu kwa wenzake. Wakajipanga safu, wakasali. Bi Zena alizidi kupunga, na kila alivyozidi ndivyo wao walivyofanya haraka, nami nilikuwa nimemshika kiuno kwa sababu miguu yake ilikuwa imeshaingia majini. Walimwinua. Turubai lilitufichia kidogo, na liliposogea tuliona migongo tu, na mikono inayosukuma udongo. Alipunga mpaka walipomaliza.

Nimewahi kuwa mkali na wale watu, moyoni mwangu, kwa miaka mingi. Sasa nina umri unaozidi aliokuwa nao Mjomba Hamisi siku ile, na nimeshasimamia mazishi ya watu wangu, najua. Maiti hangoji, ndivyo tulivyolelewa, na joto lile, na mlima unaotishia kuporomoka tena, na korongo ambalo masika yaliyotangulia lilizuia magari kwa siku kadhaa. Nani angekuambia kwamba mara hii litapungua upesi? Lilipungua alasiri hiyohiyo. Jua lilikuwa halijazama, maji yakawa ya magotini, na wanaume wakaanza kuvuka wameshikana mikono. Hilo ndilo linaloniuma. Wangechelewa kidogo tu, wangekunywa hata maji, angevushwa mabegani mwao na kuletwa kwenye mkeka wake.

Mjomba Hamisi alivuka wa kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa Bi Zena, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe na kanga yake amejifunga tena, akachuchumaa mbele yake, mtu mzima mwenye mvi, akaanza kulia kabla hajasema. Alisimulia kwamba mwenye shamba lile, Mzee Nyemo, Mgogo na Mkristo, alitoa ardhi na vijana wa kuchimba bila kuombwa, lakini alikataa jembe lianze kufukia mpaka mke aulizwe. Alisema kwao mtu hafichwi ardhini mwenye nyumba yake akiwa anaangalia bila kukubali. Ndiyo maana Mjomba Hamisi akateremka ukingoni kuuliza. "Tulikuona, shemeji," alisema. "Ulipovua kanga ukatupungia, nikajua umemwachia radhi, umetupa ruhusa. Bila hivyo nisingemgusa ndugu yangu. Ningekaa naye pale mpaka kesho."

Nilifungua mdomo. Bi Zena akanibana mkono, akaubana kwa kucha. Alimtazama shemeji yake, kanzu imeganda tope, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye kucha zake, akamwambia, "Mungu akulipe, shemeji. Umemsitiri." Basi. Mjomba Hamisi akafuta uso kwa kiwiko, nikaona mabega yake yameshuka, amepumzika.

Tulipokuwa tunarudi, wengine wametangulia, nilimwambia Bi Zena kwamba haikuwa haki, lazima Mjomba Hamisi aambiwe. Akasema, "Usimwambie, mwanangu. Amemzika ndugu yake kwa mikono yake. Mwache alale." Nikanyamaza, na nimenyamaza hadi leo, maana Mjomba Hamisi alikwishafariki zamani naye alilala vizuri maisha yake yote yaliyobaki. Alipenda kusimulia. Kwenye harusi, kwenye Idi, watoto wamemzunguka, alisimulia jinsi shemeji yake alivyosimama kwenye maji yanayounguruma na kutoa ruhusa kama malkia, na watu waligeuka kumtazama Bi Zena kwa heshima, naye aliendelea kugawa wali. Nilikuwa siwezi kuvumilia. Nilitoka nje kila mara. Kuna watu waliniona nina kiburi.

Mwaka ule ukaisha, nikapata chuo, nikaolewa, nikafundisha, nikastaafu, na Bi Zena alipochoka kuishi peke yake nilimchukua akaja kukaa nami. Hatukulizungumza. Sikumuuliza alitaka kumwambia nini mumewe, ingawa nilikuwa na mawazo yangu. Nilidhani ni kuomba radhi, maneno marefu ya toba, au zile habari za mtaa alizozikusanya miezi ile, za ndoa na mbuzi. Mchana mmoja mvua kubwa ilinyesha mjini, barabara ya mtaani kwetu ikageuka mto, tukawa tumekaa barazani tunawatazama vijana wanasukuma bajaji iliyozimika, naye alikuwa ametulia, akili zake zote anazo. Nikathubutu. Nilimuuliza, siku ile kama wangekungojea, ungemwambia nini.

Hakushangaa kuulizwa. Alikaa akiyatazama maji yanavyopita.

"Wewe unadhani nilikuwa na hotuba?" alisema. "Aliniita, Rehema. Alisimama mlangoni akaniita kwa jina langu, akangoja. Nilitaka kumwitikia tu. Nilitaka kumwambia abee."